Fimbo ya mpiga picha: historia ya mguu mmoja

Kila anayeanza kupiga picha huuliza anunue kamera gani. Akishapata kamera, anauliza lenzi. Akishapata lenzi, anauliza begi. Swali la nne huchelewa sana kufika: mzigo huu nitaushikaje usitikisike? Linakuja usiku, mtu amerudi kutoka kwenye mechi au harusi ya binamu yake, amefungua picha kwenye kompyuta, na nusu yake ni ukungu mtupu. Bibi harusi ana pua mbili. Jezi namba 10 inasomeka 110.

Hapo ndipo watu hukumbuka stendi. Na wakikumbuka stendi, wengi wanafikiria ile ya miguu mitatu, tripodi. Mimi leo nataka kumzungumzia ndugu yake maskini, monopodi, yaani stendi ya mguu mmoja. Fimbo yenye skrubu juu na mpira chini, basi. Ni kifaa rahisi kuliko vyote kwenye begi la mwandishi wa habari, na ndicho kinachonunuliwa kwa uzembe kuliko vyote. Nitapita njia ya historia kwanza, dukani tutafika baadaye. Msinikimbie.

Mwaka 1838, kule Paris, Louis Daguerre aliweka kamera yake dirishani na kupiga picha ya barabara iitwayo Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara yenye pilikapilika, watu na magari ya farasi. Ukiitazama picha hiyo leo utadhani mji umehamwa. Hakuna mtu, hakuna farasi. Sababu ni kwamba bamba la kamera lilihitaji kupigwa na mwanga kwa dakika kadhaa, na kila kilichokuwa kinatembea kilifutika. Aliyebaki ni bwana mmoja aliyesimama pembeni ya njia kung'arishiwa viatu. Alitulia muda wa kutosha, akaingia kwenye historia bila kujua. Mng'arishaji naye anaonekana kidogo, kama kivuli.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, upigaji picha ulikuwa mapambano na mtikisiko. Na kwa miaka 40 hivi ya mwanzo, suluhisho lilikuwa moja tu: kila kitu kisimame. Kamera ikakalishwa juu ya miguu mitatu ya mbao mizito. Mtu anayepigwa picha naye akawekewa stendi yake! Siyo utani. Studio za karne ya 19 zilikuwa na nguzo ya chuma yenye kikamatio, inasimamishwa nyuma ya mteja na kumshika kisogo ili asitikise kichwa. Kwenye baadhi ya picha za zamani ukichungulia vizuri nyuma ya miguu ya mtu utauona mguu wa tatu, wa chuma. Ndio huo.

Hili lina maana kwetu kuliko tunavyodhani. Tukiangalia picha za kale za watu wa pwani yetu, wazee waliokaza macho, akina mama waliokaa kama sanamu, tunasema "zamani watu walikuwa wakali" au "hawakuwa na raha". Sehemu ya ukali huo ni mila, sikatai, watu waliona kupigwa picha ni jambo la heshima na siyo la kuchekacheka. Lakini sehemu nyingine ni ufundi tu. Jaribu kushikilia tabasamu sekunde 8 bila kupepesa, uone. Tumekuwa tukisoma tabia za mababu kwenye nyuso ambazo kamera iliziamuru zigande.

Zanzibar iliingia mapema kwenye habari hii. James Grant, aliyesafiri na Speke kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha mjini Unguja mwaka 1860, miongoni mwake picha za soko la watumwa. Wakati huo picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa mbichi, njia iliyobuniwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Kioo kipakwe, kiingizwe kwenye kamera kikiwa kimelowa, kipigwe, kisafishwe palepale kabla hakijakauka. Chukua joto la pwani, ongeza masanduku ya vioo na chupa za dawa, ongeza stendi ya mbao, halafu mwambie mpagazi abebe hayo yote kuelekea bara. Si ajabu kwamba baada ya pwani Grant aliachana na kamera akawa anachora kwa mkono.

Miaka 5 kabla yake, Roger Fenton alikwenda vita vya Crimea (1855) akiwa na gari zima la kukokotwa na farasi alilolifanya chumba cha giza. Alirudi na picha mashuhuri za maofisa, mahema, bandari, na bonde lenye risasi za mizinga zilizotapakaa. Picha ya mapigano yenyewe? Hakuna. Stendi ya miguu mitatu na kioo kibichi havipigi vita. Vinapiga picha ya kilichobaki.

Mambo yalibadilika baada ya daktari wa Kiingereza, Richard Leach Maddox, kupendekeza mwaka 1871 vioo vilivyopakwa dawa ikakaushwa kabisa. Kufikia kuingia miaka ya 1880 vioo hivyo vilikuwa vinatengenezwa viwandani, na muda wa kupiga picha ukashuka hadi sehemu ndogo ya sekunde. Ghafla kamera ikaweza kushikwa mkononi. Mwaka 1882 Étienne-Jules Marey wa Ufaransa akatengeneza kamera yenye umbo la bunduki, na kitako chake begani, akawa anawalenga ndege na kupiga picha 12 kwa sekunde. Mwaka 1888 George Eastman akaleta Kodak, kisanduku chenye filamu ya picha 100. Mwaka 1925 Leica ya Oskar Barnack ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya Leipzig, kamera ya kuingia mfukoni mwa koti. Ungedhani stendi imekufa.

Haikufa, kwa sababu lenzi zilianza kurefuka.

Hapa naomba mnivumilie na hesabu ndogo, maana bila hii monopodi haieleweki. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: ukishika kamera mkononi, kasi ya shata isiwe chini ya moja kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50, piga kwa 1/50 ya sekunde au kasi zaidi. Lenzi ya milimita 300, angalau 1/300. Na kama kamera yako ina sensa ndogo, kama zilivyo kamera nyingi za bei ya kati, zidisha kwa 1.5, kwa hiyo ile 300 inakuwa kama 450. Lenzi ndefu inavuta kitu cha mbali karibu, na inavuta mtetemeko wa mkono wako pia. Sasa ongeza uzito. Lenzi ya Canon ya milimita 400 yenye tundu la f/2.8, aina iliyotoka mwaka 1999, ina uzito wa kilo 5.37 peke yake, bila kamera. Shika kilo 5 mbele ya uso wako dakika 90 za mechi, na nyongeza juu!

Ndiyo maana ukitazama nyuma ya goli kwenye mechi kubwa yoyote, pale Uwanja wa Benjamin Mkapa au popote duniani, utaona wapiga picha wamekaa na fimbo mbele yao. Mguu mmoja. Tripodi hapo ni balaa: mtu wa pembeni atajikwaa, mwamuzi msaidizi atakusema, na mpira ukihamia upande wa pili utakuwa bado unafungua komeo la mguu wa tatu.

Cha ajabu ni kwamba jibu hili ni la zamani kuliko kamera yenyewe. Wanajeshi wa Ulaya wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17 walibeba bunduki za kushindilia baruti zilizokuwa nzito mno kulengwa kwa mikono mitupu. Kila mmoja alitembea na mti wenye panda juu. Anauchomeka ardhini, analaza mtutu kwenye panda, analenga. Bunduki zilipopungua uzito, kuelekea katikati ya karne ya 17, ule mti ukatoweka. Kumbukeni habari hii ya bunduki kupungua uzito, tutairudia.

Monopodi inafanya kazi ileile. Kwanza inabeba uzito, mikono yako inabaki na kazi ya kulenga tu. Pili inazuia kamera kupanda na kushuka. Kuyumba kushoto na kulia haizuii, na anayekuambia inazuia anataka kukuuzia. Hilo unalizuia wewe: fimbo mbele kidogo, miguu yako miwili imeachana nyuma, unaiegemea kidogo. Hapo umepata miguu mitatu, miwili yako. Mtu aliyezoea hupata faida ya hatua 2 hivi za mwanga, yaani palipohitaji 1/400 anaweza kupiga kwa 1/100. Lakini angalieni: hiyo ni kwa kitu kilichotulia, kwa mfano mtu kwenye jukwaa, mzungumzaji, padri madhabahuni. Mchezaji anayekimbia bado anataka 1/500 au zaidi, fimbo haiwezi kumsimamisha. Kwa mechi, faida yake ni bega lako na usahihi wa kulenga dakika ya 88.

Kabla sijaenda kwenye viwanda, nizungumzie mwili wa mpiga picha, maana ndiyo stendi ya kwanza na ya mwisho. Hapa Afrika Mashariki kuna mfano mmoja ambao kila mwandishi wa habari angepaswa kuujua. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Ni hapa alipoanza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi, na ni hapa alipoanzisha Camerapix mwaka 1963. Mwaka 1964 alikuwa Zanzibar kwenye mapinduzi. Oktoba 1984 alikuwa Korem, Ethiopia, na Michael Buerk wa BBC, na picha zake za njaa ndizo zilizouamsha ulimwengu. Juni 1991 ghala la silaha likalipuka Addis Ababa. Mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa palepale. Amin akapoteza mkono wa kushoto.

Kwa mpiga picha wa habari, mkono wa kushoto ndio stendi. Wa kulia unabonyeza, wa kushoto unabeba. Angeweza kustaafu kwa heshima zote. Alichofanya ni kwenda kutengenezewa mkono wa bandia wa umeme uliowekewa namna ya kushika kamera, akarudi kazini. Alifanya kazi hadi Novemba 1996, alipokufa kwenye ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa na kuangukia baharini karibu na Komoro. Mimi huwa nafikiria zile siku za mwanzo, mtu wa miaka 48, jina kubwa duniani, anajifunza upya jambo ambalo mtoto wa studio analijua siku ya kwanza: namna ya kushika kamera isitikisike.

Haya, viwanda. Fimbo yenyewe haihitaji mvumbuzi, watu walianza kuegemea fimbo kabla ya kuandika. Kilichoifanya iwe monopodi ni ile skrubu. Mwaka 1841 fundi mitambo Mwingereza, Joseph Whitworth, alichoshwa na kila karakana kukata skrubu zake za ukubwa wake, akapendekeza vipimo vya kufuatwa na wote. Kwenye vipimo vyake, skrubu yenye unene wa robo inchi ina meno 20 kwa kila inchi. Pembe ya meno imebadilika kidogo tangu hapo kwa kufuata utaratibu wa Marekani, lakini robo inchi na meno 20 vimebaki. Geuza kamera yako sasa hivi, iwe imetengenezwa Japani, Thailand au Uchina. Tundu la chini ni lile. Wajapani wanaotumia milimita kwa kila kitu wameshindwa kuliondoa. Nchi zimebadilisha fedha, bendera na majina, skrubu ya kamera haijaguswa. Ni jambo zuri kwa mtu asiye na pesa, maana kila fimbo duniani inaingia kwenye kila kamera, ya milioni kumi na ya laki mbili. Stendi kubwa zina skrubu ya pili ya inchi 3/8, na kipande cha kupunguza kutoka kubwa kwenda ndogo ni kidogo kama kifungo cha shati.

Majina mawili makubwa ya stendi yana historia tofauti kabisa. Gitzo ilianzishwa Ufaransa mwaka 1917 na Arsène Gitzhoven, ikaanza na kamera na vifaa vidogo vya kamera, stendi zikafuata miaka ya 1950. Mwaka 1994 ndiyo iliyoleta tripodi ya nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu, na bei yake mpaka leo inamfanya mtu ahesabu kodi ya nyumba. Ya pili ni Manfrotto. Lino Manfrotto alikuwa mpiga picha wa magazeti katika mji wa Bassano del Grappa, Italia. Mwandishi kama sisi! Vifaa vya studio vya wakati wake vilikuwa vizito na vigumu kubeba, akaanza kujitengenezea stendi za taa gereji, wenzake wakazitaka, akawatengenezea na wao. Tripodi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1974. Baadaye kampuni moja ya Uingereza, Vitec, ilizinunua zote mbili, Manfrotto mwaka 1989 na Gitzo mwaka 1992, kwa hiyo wale mashabiki wanaogombana ipi bora wanagombania mfuko mmoja.

Kuna upande mwingine wa miguu mitatu ambao hauandikwi kwenye maboksi. Tripodi inakufanya uonekane "rasmi". Mwenye kamera mkononi ni mtalii au mwanafunzi, ila akifungua miguu mitatu barabarani mlinzi anatoka getini kuuliza kibali. Tumeyaona sana mjini hapa. Lakini siyo hapa tu. Mwaka 2007 jiji la New York lilipendekeza kanuni ambazo watu 5 au zaidi wanaotumia tripodi mahali pa umma kwa zaidi ya dakika 10 wangehitaji kibali na bima. Wapiga picha wakapiga kelele, jiji likarudi nyuma, na kanuni zilizopitishwa mwaka 2008 zikaacha kamera za mkononi na za tripodi huru. Fikiria: kanuni hiyo ilitaka kuanza kuhesabu kuanzia mguu wa tatu. Monopodi inapita katikati. Ukiikunja inaonekana kama mwavuli, ukiifungua unaonekana kama mtu mwenye mkongojo. Kwenye mkutano wa hadhara, katikati ya watu, unaisimamisha kati ya nyayo zako na haichukui nafasi ya mtu.

Nilisema tutarudi kwenye bunduki. Mwaka 1995 Canon walitoa lenzi ya kwanza ya kubadilishwa yenye mtambo wa kutuliza mtikisiko ndani yake, ya milimita 75 hadi 300. Tangu hapo mitambo hiyo imeingia kwenye lenzi, kisha kwenye miili ya kamera, kisha kwenye simu. Na uzito ukashuka: ile lenzi ya milimita 400 iliyokuwa kilo 5.37 mwaka 1999, toleo la 2018 lina kilo 2.84. Kwa hiyo kuna wanaosema fimbo inakwenda njia ya ule mti wenye panda. Kwa mpiga picha wa shirika kubwa la habari mwenye vifaa vya mwaka huu, inawezekana wanasema kweli.

Sisi wengine hatupo kwenye kalenda hiyo. Lenzi inayofika mkononi mwa mwandishi anayejitegemea wa Dar, Mwanza au Nairobi imeshapita mikono miwili mitatu. Ndiyo ile ya kizazi cha zamani, nzito, haina mtambo wa kutuliza, au mtambo umekufa na fundi anasema kipuri hakuna. Kioo chake lakini bado ni kizuri sana. Mtu huyu analipwa kwa picha, na picha iliyotikisika hailipwi. Tofauti kati ya lenzi hiyo na mpya ni mamilioni ya shilingi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo, kwa kazi nyingi, inazibwa na fimbo moja. Ndiyo maana naona kichekesho kumwona mtu amekopa kwa ajili ya lenzi halafu anachukua monopodi ya kwanza inayoning'inia mlangoni mwa duka.

Tena hapo mlangoni kuna mtego wa jina. Wauzaji wengi siku hizi wakisema "monopod" wanamaanisha fimbo ya selfi. Hiyo nayo ina historia yake. Hiroshi Ueda, aliyekuwa mfanyakazi wa Minolta huko Japani, aliibuni pamoja na Yujiro Mima na kuomba hataza mwaka 1983. Ueda amesimulia kwamba alipata wazo Ulaya, baada ya kumwomba mtoto mmoja pale Louvre ampige picha yeye na mkewe, na mtoto akakimbia na kamera. Haikuuzika. Mwaka 1995 ikatiwa kwenye kitabu cha Kijapani cha uvumbuzi usio na faida, hataza ikaisha mwaka 2003, na miaka 10 na kitu baadaye dunia nzima ikawa nayo mkononi. Kifaa kizuri kwa simu yenye gramu 200. Lakini imejengwa kuning'iniza kitu chepesi hewani, siyo kubeba kilo 3 kutoka chini. Ukiiwekea kamera yenye lenzi ndefu itajikunja kama mguu wa panzi, na kamera itaenda chini. Ukimwuliza muuzaji, uliza kama inasimama chini na inabeba kilo ngapi.

Basi tumefika dukani. Mimi naangalia maungio kabla ya kitu kingine chochote. Fimbo nyingi za aluminiamu zina nguvu ya kutosha zikiwa kipande kimoja, zinakufa pale kipande kinapoingia ndani ya kipande. Kila ungio ni mahali pa kuteleza, na kila kipande kinachofuata ni chembamba kuliko cha juu yake. Kwa hiyo yenye vipande vitatu, hata kama ikikunjwa inabaki ndefu na inakera kwenye daladala, itakuwa ngumu kuliko ya vipande vitano inayoingia kwenye mkoba. Kati ya komeo la klipu na lile la kuzungusha, mimi nachagua klipu. La kuzungusha ni zuri likiwa safi, lakini mchanga na chumvi ya pwani vikiingia huanza kusaga, na usiku huwezi kujua kwa macho kama limekaza. Klipu unaiona. Na klipu nzuri ina skrubu ndogo pembeni ya kukazia inapolegea. Isiyo na skrubu hiyo ikilegea imelegea.

Jaribio ni la dakika moja na muuzaji akikataa ondoka. Fungua vipande vyote mpaka mwisho, funga makomeo, shika juu kwa mikono miwili na uiegemee kwa uzito wako, pole pole. Ikizama hata kidogo, rudisha. Halafu gonga katikati kwa kidole ukiwa umeshika juu, usikie inavyotetemeka na inachukua muda gani kutulia. Namba ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi la bei rahisi mimi huigawa kwa mbili. Mwisho angalia juu kabisa: bamba lile ambalo kamera inakaa liwe pana na lisicheze. Kichwa cha kuzunguka pande zote, kile cha mpira, hukihitaji kwenye mguu mmoja, unalipia uzito na ungio la ziada. Lenzi nzito yenye kola ya stendi unaifunga moja kwa moja kwenye fimbo, kwenye kola na siyo kwenye kamera, ukitaka wima unalegeza kola na kugeuza. Kaboni ni nyepesi, haichomi mkono kwenye jua la saa nane, lakini kwa kitu ambacho kazi yake ni kusimama chini, tofauti ya gramu mia mbili tatu hainishawishi kulipa mara mbili au zaidi. Aluminiamu nene ya mtumba iliyotoka kwenye kiwanda chenye jina, hata ikiwa imekwaruzika, naipendelea kuliko kaboni mpya isiyojulikana inakotoka.

Na kama hata hiyo haiwezekani mwezi huu, kuna mpini wa jembe. Mbao zilibeba kamera kwa karne nzima, na zinameza mtetemo vizuri. Fundi seremala anautoboa juu, anazika bolti ya robo inchi kwa gundi, anaweka washa pana na kipande cha mpira ili kamera ikalie. Mambo mawili tu ya kumsimamia. Bolti iwe ya robo inchi ya meno 20 kwelikweli, ipimwe kwa nati kabla ya kugusa kamera, maana ile ya milimita 6 ambayo madukani ipo tele huingia mzunguko mmoja kisha inaanza kula meno ya kamera. Na sehemu inayochomoza juu isizidi milimita 4 na nusu hivi, ikizidi utakuwa unasukuma sakafu ya kamera kwa ndani. Chini vika mpira wa mkongojo, ule wanaouza kwenye maduka ya vifaa vya hospitali.

Wazee wa kazi walikuwa na rahisi zaidi ya hiyo: bolti fupi ya robo inchi iliyofungwa kamba, kamba inashuka hadi chini, unaikanyaga na kuvuta kamera juu mpaka kamba ikaze. Mtikisiko wa juu na chini unapungua sana. Inakaa kwenye mfuko wa suruali, na hakuna mlinzi aliyewahi kuuliza kibali cha kamba.